Kuku wa Mguu

Swalehe wa Mtawanya alikuwa na hakika na macho yake, na alisema hivyo kabla hajaulizwa.

"Mimi, afande, naona mpaka ng'ambo ya bonde. Mke wangu akimmegea jirani chumvi, namwona."

"Mimi si afande tena," alisema Mwanamina Ngakonda. "Polisi nilitoka. Sasa natumwa na ofisi ya kazi."

"Uafande ni kama uhaji. Mtu akishaupata hauvui. Kaa hapo."

Akamsogezea kigoda, akamkatia dafu, akalifuta ukingo kwa kiganja ili maganda yasimwingie mgeni mdomoni. Mwanamina alikunywa lote. Alikuwa ametoka Kibiti kwa baiskeli, na njia ya Mtawanya ni mchanga mtupu.

Shauri lenyewe lilikuwa linajulikana na kila mtu kati ya Kibiti na Bungu. Fikirini Matimbwa, winga wa kushoto wa Mninga Stars, alikuwa amevunjika mguu. Mwenyewe alisema amevunjikia uwanjani Bungu, Jumapili moja wiki kadhaa nyuma, akiichezea timu ya tajiri wake. Tajiri huyo, Zaidi Mkumba, mwenye mashine ya mbao Kibiti, alisema uwanjani kijana alibanwa na misuli tu. Mguu ulivunjika Jumatatu yake, hapa Mtawanya, alipoanguka kutoka juu ya mnazi akijitafutia madafu.

Zaidi alikuwa ameshindwa mara moja tayari. Alidai wachezaji si wafanyakazi wake, wanacheza kwa mapenzi. Afisa kazi wa Utete akamjibu kwamba mtu anayelala kwenye ghala lako, anayekula chunguni kwako, na uliyemkataza kufanya kibarua kwa mwingine, huyo ni mfanyakazi wako, awe anabeba mbao au anapiga mpira. Likabaki swali moja. Kama mguu ulivunjika mchezoni, Zaidi atagharamia matibabu na kutoa fidia. Kama ulivunjika mnazini, kijana hana chake.

Na mguu wenyewe ulikuwa umeunga vibaya. Daktari aliyeuona alisema uvunjwe upya na kuungwa katika hospitali kubwa Dar es Salaam, mapema, kabla mfupa haujakomaa. Ukikomaa vile ulivyo, Fikirini atakuwa kiwete mpaka kaburini. Shauri lingesikilizwa Utete siku ya Alhamisi. Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Wachezaji wenzake wote walikuwa wameulizwa, na wote hawakuona kitu. Wote walikuwa bado wanalala ghalani kwa Zaidi.

"Haya, baba," alisema Mwanamina. "Ulimwona Fikirini mnazini."

"Nilimwona. Jumatatu, jua linazama."

"Uso ulimwona?"

Swalehe akacheka mpaka akakohoa. "Mtu yuko juu ya mnazi, wewe uko chini. Uso utauonea wapi? Unaona makalio na nyayo."

"Ulijuaje ni yeye?"

"Jezi! Kumi na moja mgongoni, kubwa kama mlango. Nani mwingine huku ana kumi na moja?"

"Ukamwona akianguka?"

"Nilisikia kishindo. Puu! Nikasema, yule kaanguka."

"Ukaenda kumwinua?"

Swalehe aliangalia chini. "Nilikuwa nawahi magharibi. Nikasema walio karibu watamwinua."

"Na nani alikuja kukuuliza habari hizi kabla yangu?"

"Bashiru, dereva wa Zaidi. Aliniuliza kama nilimwona mtu mwenye jezi mnazini, nikamwambia naam. Akaniambia basi hilo ndilo ukaseme Utete."

"Mimi nakuuliza jambo ambalo Bashiru hakukuuliza. Umesema ulimwona nyayo. Zilikuwaje?"

Swalehe alifumba macho kidogo. "Nyayo za mkwezi. Ngumu kama kwato. Visigino vimepasuka, unaweza kuficha shilingi ndani."

"Utalisema hilo Alhamisi?"

"Nitasema nilichokiona. Mimi sikulipwa na mtu, mwanangu. Kama nimekosea, nimekosea kwa macho yangu mwenyewe."

Mwanamina alimshukuru kwa dafu, akasukuma baiskeli yake.

*

Nyumba ya mama yake Fikirini ilikuwa kijiji hicho hicho, nyuma ya mikorosho. Bi Shamsia alikuwa anapepeta mchele uani, na mwanawe mgonjwa alikuwa amelazwa kwenye mkeka kibarazani, pahali penye upepo. Mkeka ulikuwa mpya. Jirani alikuwa ameuleta, Bi Shamsia alisema, aliposikia kijana analalia gunia.

Mwanamina alichuchumaa miguuni pa Fikirini. Mguu wa kushoto ulikuwa umepinda chini ya goti, na uvimbe mgumu ulitokeza kwenye ugoko. Hakuugusa. Alitazama nyayo. Zilikuwa laini, ngozi yake nyeupe nyeupe kama ya mtu anayeshinda ndani ya viatu, na kucha za vidole gumba zilikuwa nyeusi kwa kubanwa na njumu.

"Unajua kukwea mnazi?"

"Nilijua nikiwa mdogo," alisema Fikirini. "Tajiri alitukataza. Alisema miguu yetu ni mali yake."

"Alisema hivyo?"

"Kila siku. Mpaka ulipovunjika. Ulipovunjika ukawa wangu."

Bushiri, mdogo wake Fikirini, alitokea nyuma ya nyumba na jembe begani. Mwanaume mzima, mrefu kama kaka yake. Mwanamina alimwomba akae, anyooshe miguu. Bushiri alidhani ni utani, akacheka, akanyoosha. Visigino vyake vilikuwa vimepasuka kama udongo wa bondeni wakati wa kiangazi.

"Jezi ya kaka yako iko wapi?"

"Ipo ndani, nimeikunja."

"Uliipata lini?"

"Jumatatu ile. Nilimpelekea mihogo ghalani mchana, nikamkuta amelala na jezi ya jana yake, ina matope na damu. Akanivulia, akasema kaioshe. Nikaiosha. Sikuwa na shati jingine, nikaivaa ikaukie mwilini. Jioni nikapanda mnazi."

"Kulianguka nini?"

"Nazi. Nilikata nyingi kwa pamoja, zikatua na kishindo. Kwani kuna nini?"

"Kuna mtu alisikia. Mbona hukusema haya?"

"Nani aliniuliza? Watu wa tajiri wanamwuliza Swalehe, watu wa serikali wanamwuliza tajiri. Mimi nashinda shambani."

"Na ulipofika ghalani, mguu wa kaka yako ulikuwaje?"

"Umevunjika. Umelala upande wake peke yake, kama si wa mtu."

Mwanamina aliandika. Kisha akafunga kalamu. "Hilo linamwondoa mtu wa mnazini. Lakini halisemi mguu ulivunjika wapi. Wewe ni ndugu yake wa tumbo moja, na neno lako Utete wataliweka pembeni. Nahitaji mtu aliyeuona mguu huo Jumapili, asiye ndugu, na asiyelala ghalani kwa Zaidi." Akamgeukia Fikirini. "Kwa nini hamkwenda hospitali?"

"Niliomba. Dereva Bashiru akasema tajiri kakataa. Hospitali wanauliza maswali, wanataka karatasi ya polisi. Jumanne ndipo wakanipeleka kwa Bibi Mwanaharusi, Mahege, anayeunga mifupa."

"Jumapili lori lilipotoka Bungu, lilisimama wapi?"

"Nyumbani kwa tajiri, kumshusha. Halafu ghalani."

"Nani alikuona hapo nyumbani kwake?"

Mpaka hapo Fikirini alikuwa anajibu maswali upesi, kama anapokea pasi. Safari hii alichelewa. Alivuta ukingo wa mkeka.

"Hakuna."

"Hakuna mtu aliyetoka na taa? Aliyekupa maji?"

"Nimesema hakuna, dada."

Bi Shamsia aliacha kupepeta. "Mwulize kuku," alisema. "Hilo mimi halijaniingia mpaka leo. Kuku alitoka wapi?"

"Kuku gani, mama?"

"Wewe si mtu wa huku?"

"Kwetu Kipatimu."

"Huko kwenu hamvunji kuku?"

"Tunamvunja. Fundi anamvunja kuku mguu ule ule wa mgonjwa, anamfunga mabanzi sawasawa na mgonjwa. Siku kuku akikanyaga chini, mgonjwa naye anafunguliwa."

"Ndiyo hivyo. Lakini huku kwetu kuku hatoki popote tu. Anatoka kwa mwenye kazi. Ukivunjika kwenye shamba la mtu, mwenye shamba analeta kuku. Ukivunjika kwako, unaleta wako. Akileta asiyehusika, mfupa haushiki. Sasa mimi nilisikia mwanangu yuko Mahege, nikabeba jogoo wangu, nikamfikisha mpaka mlangoni. Bibi Mwanaharusi akanirudisha naye. Akasema, kuku wa huyu ameshafika."

"Kutoka kwa nani?"

"Hakusema. Na huyu naye hasemi." Alimwonyesha mwanawe kwa kidevu.

Fikirini alikuwa amegeuza uso ukutani.

Mwanamina alisimama. Wazee wa baraza watakaokaa na afisa kazi Alhamisi wote walikuwa Wandengereko wa bondeni. Hao hawangehitaji kufafanuliwa habari ya kuku. Kama alitoka kwa Zaidi, basi Zaidi alikuwa amekiri, hata kama hakufungua kinywa.

*

Bibi Mwanaharusi wa Mahege alimpokea Mwanamina bila kuinuka. Alikuwa anachonga vipande vya mianzi kwa kisu kifupi, na mbele yake mtu mzima alikuwa amekaa na mkono uliofungwa, ananung'unika.

"Huyu kaanguka baiskeli," alisema Bibi. "Analia kama mwali. Nenda zako, Kondo, na usibebe ndoo mpaka nikuambie. Mkeo ana mikono miwili mizima."

"Mke wangu mjamzito, bibi."

"Basi mwombe dada yako. Ukikosa, nitamtuma mjukuu wangu awatekee. Haya, nenda." Akamgeukia Mwanamina. "Wewe umevunjika wapi?"

"Shikamoo, bibi. Mimi mzima. Nimekuja kwa habari ya Fikirini wa Mtawanya."

"Marahaba. Mguu ule." Bibi aliweka kisu chini. "Mguu ule ni aibu yangu, lakini si kosa langu. Ulikuwa umesagika. Mimi naunga mfupa uliovunjika, siungi unga. Nilimwambia yule dereva, huyu ni wa hospitali, mpeleke hospitali. Akasema tajiri kakataa. Ningefanyaje? Nimfukuze, na kijana anatetemeka pale kwenye lori kama mtoto? Nikafanya nilichoweza."

Uani kuku wa Bibi walikuwa wanaparua, wekundu, weusi, madoadoa, wadogo wadogo wote na wepesi wa mbio. Katikati yao alikuwepo mmoja mweupe pe, mkubwa, mwenye upanga mwekundu wa kichwani ulioanguka jichoni. Alikuwa anatembea kwa kuchechemea. Mguu wake wa kushoto ulikuwa na fundo.

"Na yule?"

"Yule Memsapu. Anataka kula na kulala tu, mchwa hamjui. Namlisha kwa mkono."

"Ndiye kuku wa Fikirini?"

"Ndiye. Na sitamchinja. Kuku wa mguu hachinjwi mpaka mgonjwa atembee, na mgonjwa hajatembea. Tutazeeka naye."

"Nani alimleta?"

"Sikumwona. Nilipoamka Jumatano nilimkuta kafungwa kwenye nguzo ya mlango. Aliyemleta alimwekea pumba chini, na maji kwenye kifuu. Nikasema, kuku amekuja, kazi ianze."

"Uliamini katoka kwa mwenye kazi?"

Bibi alimtazama Mwanamina kwa muda, kama anayepima mfupa kabla ya kuuvuta. "Mwanangu, hao kuku wa kizungu walikuja na malori kutoka Dar, biashara ilipofunguliwa. Kila mtu akataka wake. Wakafa wote, maana wanataka pumba na dagaa, na nani huku ana pumba za kumpa kuku? Zunguka Mahege yote. Zunguka Mtawanya. Ukimwona mweupe mwingine, rudi unizomee."

"Kibiti je?"

"Kibiti sizunguki. Zunguka wewe."

Mwanamina hakuhitaji kuzunguka. Asubuhi alipotoka, alipita nyuma ya mashine ya mbao ya Zaidi Mkumba, akawasikia kuku bandani, na manyoya yao meupe yalikuwa yametapakaa njiani. Ila hakuwa amejua anasikia nini. Kuku wa Zaidi hawangeweza kufika Mahege wakajifunga nguzoni, na Zaidi si mtu wa kuweka maji kwenye kifuu. Dereva naye angemtupa kuku mlangoni akapiga honi. Aliyeweka maji ni yule anayewalisha kila siku.

Alipokuwa anapanda baiskeli, lori la mbao lilipita taratibu barabarani. Bashiru alikuwa kwenye usukani. Alimtazama Mwanamina, akatazama uani kwa Bibi, kisha akakanyaga mafuta kuelekea Kibiti.

*

Rukaiya, mke wa Zaidi, alikuwa ndani ya banda la kuku, ameinama, anakusanya mayai kwenye upindo wa khanga. Banda lilikuwa refu, limejengwa kwa mabaki ya mbao. Weupe watupu walikuwa wanamzunguka miguuni.

"Karibu, dada. Pita upande huu, huko pana mavi."

"Nimeshakaribia. Unawafuga vizuri."

"Wanataka maji tu. Watu wanasahau maji."

Mwanamina alisubiri atoke na kufunga mlango. Kisha akajitaja jina na kazi yake. Mikono ya Rukaiya ilianza kupanga mayai kwenye kikapu, moja moja, polepole sana.

"Nimetoka Mahege," alisema Mwanamina.

"Bibi hajambo?"

"Hajambo. Ana kuku mmoja mweupe."

"Anakanyaga?"

Swali lilimtoka kabla hajalizuia. Rukaiya akalisikia mwenyewe.

"Anakanyaga," alisema Mwanamina. "Anachechemea, lakini anakanyaga."

"Na yeye?"

"Yeye bado. Alhamisi wataamua kama atakanyaga au la. Nilimwuliza nani alimwona Jumapili, lori liliposimama hapa. Amekataa kukutaja."

"Mjinga yule." Sauti ya Rukaiya ilikuwa ndogo. "Na mguu wake ule? Angenitaja."

"Hakutaka uvunjikiwe na nyumba."

"Nilikuwa namtilia chakula kwenye sahani kubwa, basi. Alikuwa anasema asante. Wenzake wanasahau, yeye hasahau."

"Bi Rukaiya, ulimwona Jumapili?"

Rukaiya aliweka yai la mwisho. "Dada, mimi ni mke wa mtu. Nililelewa hivyo, maneno ya mume hayatoki nje ya mlango wake. Kuku nilimtoa, sikatai mbele yako wewe na mimi. Niliogopa mfupa usishike. Lakini kusimama Utete nikasema juu ya mume wangu, hilo siwezi. Usiniombe."

"Bila wewe kijana atakuwa kiwete."

"Najua. Nalala na hilo."

Mwanamina alikuwa amehoji wezi na wauaji, na alijua namna nyingi za kumbana mtu. Hakutumia hata moja. Alirudisha kalamu mfukoni.

"Basi sikukuona leo," alisema. "Nilikuja kununua mayai."

"Mayai?" Sauti ilitoka upande wa geti. "Ofisi ya kazi siku hizi inanunua mayai?"

Zaidi Mkumba aliingia, mnene, mchangamfu, vumbi la mbao kwenye nyusi. Bashiru alibaki nyuma yake, anaangalia ardhi.

"Shikamoo, mheshimiwa mpelelezi. Bashiru kaniambia ulikuwa Mahege, unaongea na kuku. Nikasema, lazima atakuja kwangu, na mimi nije nimkaribishe."

"Kuku wanauzwa, Bwana Zaidi. Yeyote anaweza kuwa amemnunua."

"Mimi nauza mayai. Kuku sijapata kuuza, Kibiti nzima inajua. Usinifichie, dada, mimi mtu mzima." Akamgeukia mkewe, bado anatabasamu. "Rukaiya. Kuku wangu alifikaje Mahege?"

"Bwana Zaidi," alisema Mwanamina, "mimi ndiye ninayefanya uchunguzi hapa, na simwulizi mkeo chochote."

"Mimi namwuliza. Nani kampeleka?"

Rukaiya alijifunga khanga vizuri kiunoni. "Mimi."

"Nilikukataza."

"Ulinikataza."

"Kwa hiyo umeniibia."

"Kuku wale nilinunua vifaranga kwa pesa ya vitumbua vyangu. Unajua."

"Vifaranga vyako, nyumba yangu! Pumba zangu! Umetoka nyumbani kwangu na kuku wa mguu, umempeleka kwa mtu, umetangaza mji mzima kwamba yule kavunjika kwangu! Kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya mcheza mpira? Ana nini na wewe?"

"Ana mguu uliovunjika," alisema Rukaiya. "Hana kingine."

Bashiru alinyoosha mkono. "Tajiri, tulia, bwana. Twende ndani."

"Niondokee! Rukaiya, sina haja nawe. Nenda kwenu Bungu. Nimekuacha. Talaka tatu. Bashiru umesikia, na huyu wa serikali kasikia. Watoto wanabaki."

Kuku walikuwa wanalia bandani. Zaidi alikuwa anahema, anafuta vumbi usoni kwa mkono ulio na vumbi zaidi.

Rukaiya alikinyanyua kikapu cha mayai, akakiweka mahali pa kivuli. Alijaribu komeo la banda kuona kama limeshika. Kisha akamgeukia Mwanamina.

"Dada, ulikuwa unaniuliza habari ya lori."

Zaidi aliacha kujifuta. "Habari gani ya lori?"

"Nilipokuwa kwako nilinyamaza," alimwambia. "Sasa siko kwako."

"Ngoja. Rukaiya, ngoja kwanza. Nilisema kwa hasira. Mtu anasema kwa hasira."

"Umesema tatu, baba watoto. Ungesema moja, tungeongea."

"Bashiru! Wewe ulisikia nini? Hukusikia vizuri."

Bashiru alikuwa dereva wake tangu lori la kwanza. Alitazama ardhi, akatazama geti. "Nilisikia, tajiri," alisema. "Haya ni mambo ya Mungu, siwezi kuyaongopea."

Zaidi alikwenda mpaka kwa mkewe, karibu kabisa, akainamisha kichwa. Alizungumza kwa sauti ya chini, lakini Mwanamina alisikia. "Unajua kijana yule atataka kiasi gani? Unajua timu itakwenda wapi? Wote watakuja, kila mwenye goti, kila mwenye kifundo. Utawaua watoto wako na njaa."

"Ungempeleka hospitali siku ile," alisema Rukaiya, "leo angekuwa anakuchezea."

*

Waliandika maelezo nje ya geti, juu ya gogo la mninga lililokuwa linangojea msumeno. Mwanamina alimwomba aanze tangu alipolisikia lori.

"Lilisimama kabla ya isha. Nilitoka na taa ya chemli. Wachezaji walikuwa wamekaa kimya, hakuna anayeimba, nikajua wameshindwa au kuna kitu. Fikirini alikuwa amelazwa juu ya vumbi la mbao. Njumu ilikuwa bado mguuni, na mguu unatazama pembeni. Nilileta kisu cha jikoni, nikakata kamba za njumu. Alinishika mkono lakini hakupiga kelele. Nikampa chai ya sukari nyingi."

"Bwana Zaidi alikuwepo?"

"Alikuwa anashuka. Nikamwambia, huyu apelekwe hospitali sasa hivi. Akasema hospitali hapana. Jumanne nikasikia amepelekwa Mahege. Nikamwambia, basi peleka kuku, ukichelewa mfupa hautashika. Akaniambia," alitua kidogo ili kalamu ya Mwanamina imfikie, "akaniambia, nikipeleka kuku nimekubali kwamba kavunjika kwangu."

Mwanamina aliandika sentensi hiyo neno kwa neno, akamsomea. Rukaiya akaitikia kwa kichwa.

Kazi ilikuwa imekwisha. Alikuwa na shahidi asiye ndugu na asiyelala ghalani, na maneno ya Zaidi mwenyewe. Hakuna mzee wa baraza Utete ambaye angeyasikia hayo akauliza la pili.

"Utalala wapi leo?"

"Kwa Mwanajuma, jirani. Ameshaniita dirishani, anasema ametandika. Kesho nitakwenda Bungu kwa mama, nikakae eda yangu. Alhamisi nitakuja Utete."

"Nitakufuata mwenyewe."

"Mwambie Fikirini asijilaumu. Atajilaumu, namjua."

Mwanamina alifungua ukurasa wa mwanzo wa maelezo, palipobaki wazi, ili ajaze. "Jina kamili?"

"Rukaiya binti Hemedi."

"Umri?"

"Thelathini, pengine na mmoja."

"Jina la mume?"

Ndani ya ua mtoto aliita mama. Aliita kwa sauti ya kawaida, ya mtoto anayetaka kuvuliwa shati au kupewa kikombe. Rukaiya aliinuka nusu kutoka kwenye gogo. Geti lilikuwa limefungwa kwa ndani. Mtoto akaita tena, na sauti ya mtu mzima ikamjibu kitu.

Rukaiya akakaa.

"Hapo paache wazi," alisema. "Nipe kalamu nitie sahihi."